Harusi iko kwenye simu, bibi ana deki: kisa cha CD zilizogoma Newala

Hiki ni kisa cha video ya harusi iliyotoka Dar ikafika Mtwara mjini kwa intaneti, ikatakiwa iende mpaka kijijini huko Newala kwa bibi ambaye hana simu ya kupangusa wala haihitaji, ana TV ya kichogo inchi 21 na deki aliyonunuliwa na wanawe msimu mmoja korosho zilipolipa. Miguu haimruhusu tena kukaa kwenye basi mpaka Dar, mjukuu kaolewa bila yeye kuwepo, na kitu pekee alichoomba ni aone. Nakieleza kwa urefu kwa sababu kazi hii tunaletewa sana sisi wenye steshenari huku kusini, na inaniuma kuona mtu analipa hela yake afu anaondoka na CD ambayo haichezi, na anayeaibika ni mzee ambaye ameshaita majirani waje kuangalia.

Aliyeleta kazi ni dada mmoja anakaa Magomeni hapa hapa Mtwara, mjukuu mwingine wa huyo bibi. Alikuja na simu, pamoja na CD mbili zilizokuwa zimeshapigwa (yani kuchomwa) sehemu nyingine na zimeshaenda Newala na kurudi. (Naandika CD kama tunavyosema wote, ila zilikuwa DVD.) Ya kwanza deki iliizungusha muda mrefu ikaandika NO DISC. Ya pili ilionyesha jina la faili kwenye TV, ukibonyeza inasema haiwezi kulisoma. Kule alikopiga walimwambia "deki ya bibi yako mbovu dada, hapa kwetu inacheza", na kweli kwenye kompyuta yao ilicheza, na kwangu pia zote mbili zilicheza vizuri tu. Sasa hilo ndo linalowapoteza wengi. Kompyuta yenye VLC, ile programu ya kuchezea video, inacheza karibu kila kitu unachoitupia kwaiyo haiwezi kuwa shahidi wa CD inayokwenda kwenye deki ya mwaka gani sijui. Ukitaka kujua kama CD itacheza kwenye deki, iweke kwenye deki.

Tuzifungue hizo mbili maana kila moja ina somo lake. Ya kwanza ndani kulikuwa na faili moja la MP4, limekokotwa tu na kudondoshwa humo. Ukiweka DVD tupu kwenye Windows inakuuliza unataka uitumie kama flashi au uitumie na pleya ya CD/DVD, na huyu ndugu alichagua kama flashi. Ukichagua hivyo CD inaandikwa kwa mtindo ambao kompyuta inauelewa, unaongeza unafuta, ila deki nyingi za nyumbani haziuelewi kabisa, ndo maana inakwambia hakuna CD wakati CD unaiona kwa macho. Na nisisitize hapa, hata angechagua lile chaguo la pili bado angekuwa ameweka faili tu kwenye sahani, CD ingesomeka lakini deki ingefika kwenye MP4 ikakwama. Kuweka faili kwenye CD na kutengeneza DVD ya video ni kazi mbili tofauti kabisa, na bei yake haiwezi kuwa sawa.

Ya pili ndo ilinikera. Faili lilikuwa linaishia na AVI, deki inajua AVI ndo maana jina lilionekana kwenye TV, ila nilipoangalia ndani kwa VLC, ile sehemu ya taarifa za kodeki (yani mtindo uliotumika kubana picha na sauti), nikakuta picha ni H.264 ile ile ya MP4 ya kwanza, na sauti ni AAC. Yani mtu alibadilisha herufi tatu za mwisho za jina akapiga CD akachukua hela. MP4 au AVI ni gunia tu, ukiandika nje "korosho zilizobanguliwa" haibangui zilizomo ndani, kilichomo ni kile kile, na deki inakula kilichomo, haili gunia.

Kwa nini deki haili? Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Pleya za DVD zilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1996, na kanuni za DVD ya video zikafungwa wakati huo: picha ibanwe kwa MPEG-2, kwa sisi tunaotumia PAL (mfumo wa TV wa huku kwetu) iwe pikseli 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, sauti iwe AC-3 au MP2 au ile isiyobanwa, na iwe ya 48 kHz. H.264 ambayo simu zetu na YouTube wanaitumia ilipitishwa 2003. Kwaiyo chipu ya deki ya kawaida haikufundishwa hiyo lugha na hakuna cha kusasisha. Zipo deki zinazokula Xvid au DivX, kodeki nyingine hizo, ndani ya AVI, na zipo za baadaye zinakula mpaka MP4, ila huwezi kubahatisha, na simu za sasa hivi zinarekodi mpaka HEVC ambayo ni mpya zaidi, huko ndo usijaribu.

Dada akaniuliza swali zuri, "si nimpelekee flashi tu kaka, deki yake ina tundu la flashi?" Nikamwambia amwombe kijana wa pale nyumbani apige picha ya deki mbele na nyuma, na rimoti. Picha zikaja WhatsApp. Mbele kulikuwa na nembo ya DVD Video, VCD, MP3 na tundu la USB, nembo ya DivX hamna. Na rimoti hamna. Ilipotea zamani, bibi anawasha kwa kitufe, anafungua trei, anaweka, basi. Sasa hilo la rimoti ndo liliamua kesi nzima kuliko hata mambo ya kodeki. Maana hata ningekonveti kwenda Xvid nikaweka kwenye flashi, ili kuhamia USB kwa kawaida unahitaji rimoti, ili kuchagua faili kwenye orodha unahitaji mishale ya rimoti. (Na flashi kubwa za 64 GB zinakuja na fomati ya exFAT ambayo deki za namna hii hazisomi, zinataka FAT32, na FAT32 nayo haibebi faili moja linalozidi 4 GB.) Ila DVD ya video ikitengenezwa vizuri inaanza yenyewe ikishaingia. Kwa mzee wa aina hii hakuna mjadala, ni DVD ya video halisi, isiyo na menyu, inayoingia moja kwa moja kwenye picha.

Kwaiyo nawaomba sana mafundi wenzangu, swali la kwanza kwa mteja lisiwe "una GB ngapi", liwe "itachezwa kwenye nini, na nani atakayekuwa anaibonyeza".

Kazi yenyewe sasa. Kulikuwa na faili kubwa la mpiga video wa Dar, saa 1 na dakika 50, lina upana wa kisasa wa 16:9, 1920 kwa 1080, kama 2.6 GB, dada alilishusha kwa bando la usiku. Afu kulikuwa na vipande vya simu kama dakika 25 hivi, kumfunda bibi harusi upande wa nje, akina mama wanacheza uani, vyote vimepigwa simu ikiwa wima. Dada aliniambia kwa msisitizo, hivi vya uani ndo bibi anavitaka zaidi, kule ukumbini kuna MC na keki, uani ndo kuna ndugu zake.

Jumla dakika 135. DVD ya kawaida imeandikwa 4.7 GB ila kompyuta inakuonyesha 4.37, usishtuke hujaibiwa, kiwandani wanahesabu kwa elfu na kompyuta inahesabu kwa 1,024. Mi sijazi mpaka mwisho. DVD inaandikwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, na hizi CD tupu za bei rahisi zinapoharibika zinaanzia ukingoni, ndo ule ugonjwa wa picha kuganda dakika za mwisho mwisho. Nikajiwekea nitumie 4.4 kati ya ile 4.7. Hesabu yake si ngumu: bilioni 4.4 mara biti 8 ni biti bilioni 35.2, gawa kwa sekunde 8,100 unapata kama kilobiti 4,345 kwa sekunde. Toa sauti 192, inabaki 4,150 na ushee, nikaweka 4,000 ili kuwe na nafasi ya kupumua. Kanuni ya DVD inaruhusu picha mpaka 9,800 lakini huko juu deki zilizochoka zinakatakata, na kwa TV ya kichogo 4,000 inatosha, sura zinaonekana safi.

Dada akashangaa, mbona faili la 2.6 GB lenye picha kubwa linageuka kuwa 4 na kitu na picha inakuwa ndogo? Ni kwa sababu MPEG-2 ni ya zamani, inahitaji data kama mara mbili ya H.264 kutoa picha inayokaribiana. Ndo maana pia ule ushauri wa "punguza tu GB litaingia" hauna maana hapa, kinachopimwa kwenye DVD ni dakika, GB za faili la mwanzo hazikuambii kitu.

Tungeweza kugawa kwenye CD mbili picha ikawa kali zaidi. Nilifikiria, nikaacha. CD mbili ni kubadilisha katikati, na ile ya pili ndo ingekuwa na vya uani, siku moja ingepotea. Badala yake nikaanza na vya uani, ndo nikafuatisha ukumbi. Dada alifurahi kuliko nilipomwambia habari ya bitireti, zile kilobiti kwa sekunde.

Umbo la picha lilinichukua muda na sijutii. TV ya bibi ni ya 4:3, lile umbo la zamani linalokaribia mraba. Ukitengeneza DVD ya 16:9 inategemea deki imewekwaje ndani ya mipangilio, kama iko kwenye 16:9 na TV ni ya kichogo watu wote wanakuwa warefu wembamba kama wamevutwa, na bila rimoti hakuna wa kuingia humo kurekebisha. Kwaiyo nikatengeneza DVD nzima kuwa 4:3, na ile video ya ukumbini nikaipachikia michirizi myeusi juu na chini humo humo ndani ya picha, deki isipewe nafasi ya kuamua chochote. Afu TV za kichogo zinakula kidogo pembeni za picha, kwaiyo maandishi ya mpiga video yaliyokuwa chini kabisa, majina ya maharusi na tarehe, yangekatika. Michirizi ikasaidia na hapo, yakapanda juu.

Vya wima sasa. Picha wima ya 9:16 ukiiweka kwenye 4:3 inabaki kifimbo katikati, inachukua kama asilimia 42 tu ya upana wa TV, kulia kushoto giza. Kwa mtu wa macho ya uzee anayekaa mita 3 kutoka kwenye TV, sura ya dada yake inakuwa kama kidole. Nikavipitia kipande kimoja kimoja, juu kulikuwa na mbingu na paa la bati, chini vumbi, nikakata juu na chini mpaka picha ikawa 3:4, upana ukapanda kufika zaidi ya nusu ya TV. Kuna kipande kimoja shangazi mtu anaingia duara anacheza sindimba kakaza kanga kiunoni, nikikata chini miguu inapotea, na ngoma ile ni kiuno na miguu, hicho nikakiacha kizima chembamba vile vile. Programu haiwezi kukuamulia hilo.

Vipande vya simu vina tatizo lingine ambalo wengi hawalijui, simu hairekodi fremu kwa mwendo mmoja, kwenye mwanga hafifu inapunguza, kwenye mwanga inaongeza. Ukikonveti hivi hivi sauti inaanza kuachana na mdomo, na kwenye ngoma inaonekana haraka, mkono umeshashuka mlio unakuja baadaye. Dawa yake ni kwanza kuvigeuza vyote kuwa fremu 25 thabiti na sauti 48 kHz, uviangalie mwisho wa kila kimoja, ndo uviingize kwenye DVD. Nilitumia ffmpeg kwa hilo, na DVDStyler kutengeneza DVD yenyewe, zote za bure. HandBrake watu wanaipenda lakini haitengenezi DVD, inatoa MP4 na MKV na ndugu zao, usipoteze usiku wako.

Ikimaliza unapata folda la VIDEO_TS, ndani yake kuna mafaili ya IFO, BUP na VOB, na kila VOB haizidi GB 1. Ukiona CD yako haina hilo folda jua ulichonacho si DVD ya video. Nikaweka chapta (alama ya kuanzia sehemu mpya) kwenye kila tukio ili kile kitufe cha NEXT kilichopo mbele ya deki kiwe na faida: vya uani, kuingia ukumbini, keki, zawadi, kuaga.

Kupiga nikatumia ImgBurn, DVD-R badala ya DVD+R kwa sababu deki kongwe kwa ninavyoziona mezani kwangu zinaipokea DVD-R vizuri zaidi, spidi 4x na si ile ya juu kabisa, na nikairuhusu ihakiki baada ya kuandika. DVD-RW usimpe mzee, inarudisha mwanga mdogo kuliko DVD-R, na lenzi iliyochoka inashindwa kuiona. Karatasi ya kubandika juu siweki, ikikaa upande CD inayumba, naandika kwa maka peni pale katikati penye duara. Afu nikaiweka kwenye deki ya kale ninayoiweka dukani kwa kazi hii tu, imeunganishwa na kichogo chake, nikaangalia mwanzo, katikati, na chapta ya mwisho kabisa mpaka ikaisha. Zikapigwa nakala mbili.

Kuna swali huwa linafuata hapo na dada naye aliuliza, kama naweza kumwekea bibi na muvi za Kibongo alizozidaunlodi. Hapana. Harusi ni ya familia yenu, muvi ni jasho la mtu, kuna sheria ya hakimiliki ya 1999 na COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, wapo. Hilo silifanyi kwa bei yoyote.

CD ikapanda na basi la Newala. Jioni kijana akapiga simu, inacheza, imeanza yenyewe, lakini haina rangi, nyeusi na nyeupe tupu. Dada akaniangalia. Nikarudi kwenye ile picha ya nyuma ya deki aliyotuma mwanzo, nikaikuza, na jibu lilikuwepo pale pale: waya wa njano ulikuwa umechomekwa kwenye tundu la kijani. Lile la kijani linatoa mwanga wa picha bila rangi, ukiliunganisha na tundu la njano la TV unapata picha safi kabisa ila haina rangi. Nikamwuliza kijana kama CD zao nyingine zina rangi. Akasema hata hizo hazina, tangu deki ihamishiwe chumba kingine, wakajua TV imezeeka. Akahamisha waya, nikasikia nyuma yake watu wanapiga vigelegele, na bibi anauliza kwa sauti yule aliyevaa kanga nyekundu ni nani.

Bei nilimtoza dada zaidi ya ile ya "kuchoma CD", na nilimweleza kabla sijaanza anacholipia: ni kukonveti, kukata vipande, kupanga, na kujaribu kwenye deki, sahani yenyewe ni sehemu ndogo kabisa. Alielewa. Mteja akielezwa anaelewa, na fundi asiyeeleza ndo analazimika kubadilisha herufi tatu za mwisho za jina la faili.

Jambo la mwisho nililomkatalia ni kufuta. Simu yake ilikuwa imejaa akataka kufuta video zote kwa kuwa CD zipo. Nikamwambia asifute. DVD-R inaandikwa kwenye tabaka la rangi linalochoka kwa jua na joto, na nyumba ya bati huku kwetu mchana unaijua, CD ikiachwa juu ya TV karibu na dirisha haina umri mrefu. Isitoshe, kilichoko kwenye CD ni picha iliyopunguzwa, huwezi kuirudisha ikawa kali kama ya mwanzo. Tukahamishia mafaili ya asili kwenye flashi mbili, moja kaondoka nayo, moja kampelekea mama yake Chikongola.